Waya wa Kurudisha Vyombo

Kwanza ujue kwamba Mwalimu Kijiko hakuwa mwalimu mbaya. Angekuwa mbaya hii hadithi isingekuwepo, maana maneno ya mwalimu mbaya nani anayakumbuka?

Jina la Kijiko alipewa na wanafunzi. Fizikia ya walimu wengine unaitafuna mwenyewe mpaka taya zinauma. Ya kwake unalishwa kwa kijiko, tena imeshapulizwa, imepoa. Na somo lililompa sifa kuliko yote lilikuwa la umeme. Anachora betri, anachora taa, anachora waya wa kwenda na waya wa kurudi. Halafu anavuta kiti chake, anakaa kama mgeni aliyekaribishwa mezani, anakunja mikono ya shati.

"Taa ni mgeni mwenye njaa," anasema. "Umeme ukifika, taa inafanya nini?"

"Inakula," darasa linajibu.

"Inakula. Ndiyo maana inawaka. Wewe mwenyewe ukishiba huwaki?"

Hapo watu wanapiga meza. Mwaka mmoja mwanafunzi mmoja wa nyuma akadakia, "Na waya wa kurudi unabeba makombo," na Mwalimu Kijiko akacheka mpaka chaki ikamdondoka. Mwalimu akishacheka, neno limekuwa somo. Mwaka uliofuata makombo aliyasema yeye mwenyewe. Wanafunzi waliomaliza shule wakafungua kundi lao la simu, wakaliita Makombo, na wakamuunganisha. Kila mara simu ikitetemeka akiona jina lile, anatabasamu peke yake kama mtu aliyetumiwa salamu na mchumba.

Sasa, yeye alikuwa anajua ukweli. Alijua kabisa kwamba ukipima kabla ya taa na baada ya taa, umeme unaopita ni uleule, haupungui hata chembe. Alijiambia atawarekebisha wakifika mbele. Wakifika mbele mitihani imekaribia, kipimo cha shule kimekufa, na darasa linacheka vizuri. Miaka kumi na moja ikaenda hivyo.

Tuje kwa Kiberiti.

Kiberiti ni mtoto wa dada yake, binti mwembamba, mfupi wa maneno, ukimgusa tu amewaka. Nyumbani alimwita Kijiko "mjomba", darasani alimwita "mwalimu", na hakuwahi kuchanganya hata siku moja. Alipomaliza shule akaenda kujifunza ufundi wa umeme kwenye karakana moja ya watu wenye heshima zao. Miaka miwili na miezi tisa ameshamaliza. Ilibaki miezi mitatu Fundi Mkuu agonge muhuri kwenye kitabu chake cha mafunzo, aingie mtihani wa ufundi. Bila muhuri hakuna mtihani, na bila mtihani miaka yote ile ni jasho lililoanguka mchangani.

Dada mtu ni fundi cherehani. Huwa haandiki ujumbe, anatuma sauti, na nyuma ya sauti yake siku zote unasikia cherehani inakimbia. Siku ile Mwalimu Kijiko alipobonyeza kusikiliza, nyuma palikuwa kimya.

"Kaka, mtoto ameanguka kazini. Amerushwa na umeme. Mzima, lakini mkono umevunjika. Na kesho ameitwa kwa Fundi Mkuu na mtu mzima wa familia. Nenda wewe, unajua kuongea na watu. Mimi nikienda nitalia."

*

Ofisi ya Fundi Mkuu ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kutazama karakana. Ukutani zilining'inia nyaya zilizovingirishwa vizuri kama mikufu dukani. Fundi Mkuu mwenyewe alikuwa mtu mnene wa sauti nzito, miwani imekaa juu ya paji la uso, na kila akitaka kusoma kitu anaitafuta mezani.

"Iko kichwani, Fundi," Kiberiti akamwambia taratibu. Alikaa pembeni, mkono wa kushoto umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Asante. Karibu, bwana…?"

"Huyu ni mjomba wangu," Kiberiti akawahi kujibu. "Ametumwa na mama."

Mjomba. Hakusema mwalimu. Mwalimu Kijiko hakulitilia maanani. Alikaa, akaweka mikono magotini, akatayarisha maneno matamu ya kuombea msamaha.

Fundi Mkuu akafungua daftari kubwa. "Hapa kwangu, mtu akiumia kazini anaandika kwa mkono wake alichofanya na alichokuwa anafikiria. Siyo kilichotokea, hicho tunakiona. Alichofikiria. Nikusomee, bwana mjomba, usikie binti yenu."

Akashusha miwani.

"'Nilikuwa juu ya ngazi kwenye korido, nahamisha kiungio cha taa. Sikuzima swichi kuu kwa sababu mteja alikuwa anachapisha kazi zake ofisini, na laini ni moja. Niliamua kushika waya wa kurudi tu. Nilifungua kiungio, taa ikazima. Nikashika ncha ya waya unaotoka kwenye taa, mkono mwingine uko kwenye chuma cha dari. Waya wa kurudi hauna kitu, kwa sababu umeme taa imeshaula.'"

Akainua kichwa. "Imeshaula. Bwana mjomba, nina miaka ishirini na nane kwenye nyaya, sijawahi kuona taa imeshiba."

Masikio ya Mwalimu Kijiko yakapata moto. Aliyajua maneno yale kama mtu anavyoijua sauti yake akisikia imerekodiwa, kwamba ni yako ila hutaki iwe yako.

"Uzembe ningesamehe," Fundi Mkuu akaendelea. "Mzembe namkalia kichwani mpaka anyooke. Lakini mtu anayejitungia sheria zake, huyo siwezi. Leo ameanguka yeye, kesho ataniulia mwenzake. Umeme hauna pole. Hebu sema, binti. Hili la taa kula umeme, nani alikufundisha?"

Kiberiti akamtazama mjomba wake. Mara moja tu, kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akatazama plasta.

"Hakuna, Fundi. Nilifikiri mwenyewe tu."

Palikuwa na nafasi hapo. Ukimya wa kutosha kabisa kupitisha sentensi moja ya maneno matatu: ni mimi niliyemfundisha. Mwalimu Kijiko akafungua mdomo. Na unajua kilichotoka?

"Ni ujana, Fundi. Watoto wa siku hizi wanajiona wanajua."

Yaani aliyasema, tena kwa ile sauti ya wazee wa kusuluhisha ndoa. Fundi Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Kiberiti hakutikisa chochote.

"Basi," akasema Fundi Mkuu, "muhuri sigongi. Kitabu chake nitakituma nyumbani wiki ijayo. Akatafute kipaji kingine, tena mikono anayo mizuri, inaniuma."

Nje getini Mwalimu Kijiko akanyoosha mkono kuchukua mkoba wa mtoto.

"Nitabeba, mjomba," akasema Kiberiti, akauhamishia kwenye bega la mkono usio na plasta. Njia nzima alitembea hatua moja mbele yake.

*

Nyumbani kwa dada sebule ndiyo karakana yake, vitambaa vimejaa kila kiti. Kiberiti alipita moja kwa moja chumbani, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Dada alisikiliza habari huku anafungua uzi uliojifunga kwenye sindano. "Mchuma janga hula na wa kwao," akasema mwishoni. "Ila huyu wangu sijui hili kalichuma bustani gani. Mtoto makini vile. Nitolee kadi yake ya kliniki, kaka, iko kwenye droo hiyo ya cherehani, chini ya madaftari."

Chini ya madaftari. Na daftari la juu kabisa lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mwembamba: Fizikia, Kidato cha Tatu.

Angeliacha. Mkono ukalifungua wenyewe. Swali la nne: Eleza kwa nini taa inawaka. Jibu: *Taa inawaka kwa sababu inakula umeme. Umeme ukitoka kwenye taa unakuwa umeisha. Kwa hiyo waya wa kurudi hauna kitu.* Na pembeni, wino mwekundu, vema moja ndefu ya kujiamini, halafu maneno "Safi sana", halafu mchoro wa kijiko kinachocheka.

Alikumbuka hata usiku wa kusahihisha: madaftari sabini, macho yamechoka, na furaha ndogo ya kuona maneno yake yanamrudia. Hakuwa anasahihisha fizikia. Alikuwa anajisomea sifa zake.

Halafu akakumbuka lingine, na hili ndilo lililomkalisha kwenye rundo la vitambaa. Baada ya somo lile, Kiberiti alinyoosha mkono. Alikuwa haulizi ovyo. "Mwalimu," alisema, "kama taa imekula umeme wote, waya wa kurudi ni wa nini?"

Swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa miaka kumi na moja. Mtoto alikuwa ameukuta ukweli mlangoni, anabisha hodi. Na yeye akajibu, "Wa kurudisha vyombo."

Darasa likaanguka kicheko. Kiberiti akakaa. Hakuuliza tena mwaka ule.

"Kaka, kadi huioni?"

"Dada," akasema. "Janga lile nimelichuma mimi."

Akamweleza. Alimweleza yote, meza na makombo na vyombo, na daftari akalifungua mapajani mwa dada yake. Dada fizikia haijui, lakini wino mwekundu anaujua. Akausoma, akapapasa kile kijiko kwa kidole kilichovaa kikofia cha kushonea.

"Na kule kwa Fundi ulisema nini?"

"Nilisema ni ujana."

Dada ni mkubwa kwake kwa miaka sita, alimbeba mgongoni, na hajawahi kumtukana ukubwani. Hata siku hiyo hakumtukana.

"Mtoto alikuficha," akasema. "Yeye na mkono uliovunjika alikuficha wewe mwenye mikono miwili. Usinililie mimi, kaka. Mimi sina muhuri. Nenda kamwambie mwenye muhuri."

*

Asubuhi alifika karakana kabla geti halijafunguliwa vizuri, daftari kwapani, amevaa shati lake la siku za ukaguzi. Njiani alitunga hotuba mara nne. Alipofika mbele ya ile meza zote zikayeyuka.

"Jana uliuliza nani alimfundisha," akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye mwalimu wake wa fizikia."

Fundi Mkuu akaanza kutafuta miwani mezani. Hakuwepo wa kumwambia iko wapi. Mwalimu Kijiko akaonyesha kwa kidole. Fundi akaishusha, akasoma swali la nne, akasoma vema nyekundu, akakitazama kijiko kinachocheka mpaka Mwalimu Kijiko akatamani sakafu ipasuke immeze na viatu vyake.

"Kwa hiyo jana ulikuwa mjomba, leo ni mwalimu."

"Jana pia nilikuwa mwalimu, Fundi. Nilikaa kimya. Tena sikukaa kimya, nilimsema mtoto."

"Nakumbuka." Fundi Mkuu akafunga daftari, akaegemea kiti. "Ila hebu niambie. Mbona hata mimi nasema pasi inakula umeme? Mke wangu anasema jokofu linakula umeme. Dunia nzima inasema. Mbona hakuna anayeanguka ngazi?"

"Wewe ukisema, unalalamika tu. Mimi nikisema, wanaandika. Halafu nawapigia vema."

Fundi hakucheka. Akalifungua daftari lake kubwa, akaligeuza. Palikuwa na safu imeandikwa Chanzo, na chini yake, kwa mwandiko wake mzito: *Mwanafunzi kujitungia sheria.* Akamsukumia kalamu na rula.

"Kata mwenyewe. Andika kilicho kweli. Hili daftari wakaguzi wanasoma, nakwambia mapema."

Mwalimu Kijiko akapiga mstari. Akaandika: *Alifundishwa hivyo na mwalimu wake wa fizikia, ambaye ni mimi. Aliuliza swali sahihi nikamjibu kwa mzaha.* Akaandika jina lake kamili, lile ambalo hakuna mwanafunzi analijua, akatia sahihi.

"Inatakiwa shahidi," Fundi Mkuu akasema, akagonga dirisha, akamwita fundi mmoja mtu mzima mwenye ndevu, mkanda wa kupandia nguzo kiunoni.

Yule mtu akaingia, akasimama, uso ukachanua. "Mwalimu Kijiko. Shikamoo mwalimu wangu. Fundi, huyu ndiye aliyenifanya nipende umeme, mimi ni zao lake la kwanza kabisa. Wana Makombo tupo, mwalimu."

"Marahaba," akasema Mwalimu Kijiko.

Fundi Mkuu akaondoa mgongo kwenye kiti. "Njoo hapa. Taa ikiwa inawaka, waya wa kurudi una nini?"

"Wa kurudi? Hauna kitu. Taa si imeshakula." Akamtazama mwalimu wake, anangoja kupongezwa. "Mimi nazima kwa sababu ni sheria ya kazini tu. Kwani siyo hivyo, mwalimu?"

Fundi Mkuu akamtazama Mwalimu Kijiko, na safari hii ndani ya jicho lake hamkuwa na hasira. Alikuwa anahesabu watu.

"Na huyu anapanda nguzo," akasema taratibu. Kisha: "Darasa lako lina watoto wangapi?"

"Sabini. Kila mwaka."

"Sawa. Jumamosi saa mbili asubuhi uko hapa. Mafundi wangu wote watakaa chini, wenye ndevu na wasio na ndevu, na wewe utawaambia ulichoniambia mimi. Siyo mzaha, siyo kijiko. Binti plasta ikitoka arudi, amalize miezi yake mitatu, muhuri nitagonga. Lakini ataanza upya kwenye kushikilia ngazi."

"Asante, Fundi."

"Usinishukuru. Tia sahihi na hapo, umeruka mstari."

*

Kiberiti alikuwa amekaa kwenye cherehani ya mama yake, anazungusha gurudumu kwa mkono mzima, bila uzi. Mwalimu Kijiko alibaki mlangoni. Alimpa habari zote, hata ya yule mwenye ndevu. Binti alisikiliza, hakuruka wala hakumkumbatia.

"Ulisema najiona najua," akasema.

"Nilisema."

"Mbele yangu."

"Mbele yako."

Hakukuwa na pa kukimbilia, basi hakukimbia. Dada alikuwa anakata kitambaa sakafuni na mkasi wake haukusimama.

"Basi nijibu swali langu," akasema Kiberiti. "Lile la Kidato cha Tatu. Waya wa kurudi ni wa nini, mwalimu?"

Nyumbani, na amesema mwalimu. Mara ya kwanza kabisa.

Aliyeitwa alitafuta neno. La kwanza kuja mdomoni lilikuwa la kuchekesha, akalimeza. La pili nalo likanuka chakula. Mwisho akapiga goti karibu na cherehani, akashika ule mkanda wa ngozi unaozunguka kutoka gurudumu kubwa la chini mpaka dogo la juu.

"Zungusha. Mkanda huu unapanda upande huu, unashuka upande ule. Gurudumu la juu linauchukua?"

"Hapana. Unapita."

"Unapita, wote. Kazi inafanyika juu, sindano inakwenda, lakini mkanda haupungui. Unaoshuka ni sawasawa na uliopanda. Umeme kwenye waya ni hivyo. Taa haili."

Kiberiti akazungusha, akasimamisha, akazungusha. Midomo yake ilicheza kidogo kama ya mtu anayesoma. "Kwa hiyo nilipofungua kile kiungio, nilikata mkanda upande wa kushuka. Taa ikazima kwa sababu hakuna kinachopita tena."

"Ndiyo."

"Halafu nikashika ile ncha, na mkono mwingine uko kwenye chuma." Akautazama mkono wa plasta. "Mimi ndiye niliyeunga mkanda."

"Wewe ndiye."

Neno "safi sana" lilimfika ulimini lenyewe, miaka kumi na moja ya mazoea. Alilizuia. Hakuwa na haki nalo.

Kiberiti akaendelea kuutazama mkanda, paji la uso limekunjamana. "Na huu nao unadanganya wapi?"

"Nini?"

"Mkanda. Makombo yalinidanganya. Mkanda unanidanganya wapi?"

Mwalimu Kijiko akafikiria, goti linamuuma sakafuni. "Mahali pamoja napajua," akasema. "Umeme wa ukutani hauzunguki upande mmoja hivi. Unakwenda mbele na kurudi nyuma, haraka sana, mara nyingi kwa sekunde. Na kuna pengine ambapo bado sijapafikiria."

"Basi kapafikirie," akasema Kiberiti, "kabla ya Jumamosi. Yule wa ndevu anapanda nguzo."